Mdiria wa Nchi Kavu

Bwana Wetu Yesu Kristu alituagiza tuwatazame ndege wa angani. Leo twapenda tumtazame mmoja wao, mdiria.

Jina lake latukumbusha mto na samaki. Lakini katika miti ya Masasi, na katika Newala, nchi ya Wamakonde ambako kwa vizazi vingi akina mama wameteremka magenge kutafuta maji, yupo mdiria mdogo mwenye michirizi ambaye si mvuvi. Hutulia tawini, kisha humshukia panzi ardhini. Tundu lake la kutagia ni lile lililotobolewa na kigogota katika mti. Dume na jike hukaa kileleni wakiimba pamoja, wakifungua na kukunja mabawa, ili jirani ajue mpaka.

Ndugu yake mkubwa ni kukabura wa Australia, mwenye sauti kama kicheko cha watu. Naye havui, hula wadudu, mijusi, hata nyoka. Alfajiri na magharibi jamaa nzima hucheka pamoja, kutangaza mpaka wao. Watoto wake wakikua hawaondoki mara moja. Wengi hubaki hata miaka kadhaa, wakiatamia mayai na kulisha wadogo zao.

Tena, mtu akisimama Newala penye Shimo la Mungu, macho yake huteremka mpaka bonde la Ruvuma. Mtoni huko yupo mdiria mweusi na mweupe, mvuvi hasa. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer alimchunguza ndege huyu nchini Kenya, akachapisha habari zake mwaka 1980. Aliona kwamba wana wa kiume huwasaidia wazazi kulisha makinda. Wapo pia madume wageni, wasio na mwenzi, wanaokuja kuomba kazi hiyo. Katika Ziwa Naivasha, ambako samaki hupatikana kwa urahisi, wageni hao walifukuzwa. Katika Ziwa Viktoria, ambako uvuvi ni mgumu, walikubaliwa, na makinda wengi zaidi wakapona.

Hatusemi kwamba ndege ni watakatifu. Makinda wa kukabura waweza kumuua mdogo wao tunduni, hasa chakula kikipungua. Dhiki humfundisha mmoja kupokea, na mwingine kuua. Ndege hufuata maumbile yake. Mwanadamu amepewa akili na hiari, naye ataulizwa.

Sisi je? Wakati wa shida twajua sana kupokeana: ndoo moja ya maji hugawanywa nyumba mbili, na yatima hulala pamoja na watoto wa nyumbani. Lakini msimu wa korosho ukiwa mwema, fedha ikaingia, mara nyingine mlango hufungwa. Shangazi mjane huonekana mzigo. Mtoto wa ndugu huambiwa arudi kwao. Kijana aliyepata kazi mjini husahau ada ya mdogo wake. Hiyo ndiyo desturi ya Naivasha, nayo haimfai Mkristo.

Enyi baba na mama, wafundisheni watoto kusaidia wangali nyumbani. Nanyi vijana, msingoje njaa iwafundishe undugu. Jioni hii, kabla ya sala ya pamoja, kila nyumba na ijiulize: ni nani tuliyempokea tulipokuwa hatuna, ambaye leo hatumwiti tena mezani? Na aitwe.