Namba Ulizonazo si Zako Peke Yako

Wajukuu zangu, kabla sijastaafu nilikuwa opereta wa simu, Posta na Simu, hapa Tanga. Zamani hizo mtu akitaka kuzungumza na nduguye aliyeko Mwanza hakubonyeza namba na kuongea. Alikuja posta, au alinyanyua simu ya ofisini kwake, akaniomba mimi. Nami nikamwomba mwenzangu wa huko, tukawaunganisha. Kila simu ya mbali niliiandikia tiketi: namba iliyopiga, namba iliyopigwa, saa, na dakika walizozungumza, ili shirika lidai pesa yake. Tulikatazwa kusikiliza, na tulikatazwa zaidi kutoka na jambo la mteja nje ya chumba kile.

Lakini sikuhitaji kusikiliza. Tiketi zilinitosha. Mfanyabiashara aliyezoea kupiga Mombasa mara moja kwa wiki, akianza kupiga kila asubuhi na kuzungumza dakika mbilimbili, nilijua mzigo wake umekwama. Nyumba ikipigiwa simu kutoka hospitali ya Muhimbili saa nane za usiku, nilijua habari si njema kabla majirani hawajasikia kilio. Nilijua nani ana deni, nani anaumwa, nani ana mtu Moshi ambaye mkewe hamjui. Wala hakuna neno lao hata moja lililoingia sikioni mwangu. Nilinyamaza kwa sababu niliaminiwa, na kwa sababu mkubwa wangu aliyekaa meza ya nyuma alinijua kwa jina na kwa ukoo. Leo tiketi hizo inaziandika simu yenyewe, usiku na mchana, hata usipopiga, na anayezisoma hamumjui wala hamjui yuko nchi gani.

Mnaniambia, "Bibi, mimi sina cha kuficha." Nimelisikia neno hilo mara nyingi na linaniuma kila nikilisikia. Wale niliowaandikia tiketi hawakuwa majambazi. Mama aliyepigiwa kutoka hospitali hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na haki ya kupokea msiba wake yeye kwanza, kabla ya mtaa. Na nikikuambia uniachie simu yako hapa barazani, bila kuifunga, niipekue mpaka adhuhuri, hutakubali. Basi unacho cha kusitiri, nawe ni mtu mwema.

Mjue kwanza kinachofanyika. Simu yoyote yenye laini, iwe ya tachi au kiswaswadu, hujitambulisha kwa minara iliyo jirani ili ikipigwa ipatikane. Mjini, minara inakaa karibu karibu, kwa hiyo kampuni hujua uko mtaa gani. Shamba, mnara mmoja unachukua kilomita kadhaa, na hujua uko upande gani tu. Hilo hulizimi isipokuwa kwa kuzima simu au kuiweka kwenye hali ya ndege, nawe hutapatikana, kwa kuwa ndivyo simu zinavyofanya kazi. Polisi hutumia njia hiyo kumfuata mwizi au mtekaji, na sina ugomvi nayo ikifuata sheria. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, maisha yake ya nyumbani na mawasiliano yake, na inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa lini na vipi haki hiyo inaweza kuingiliwa.

Ila nisiwafiche. Septemba 2024, mbele ya baraza la kazi mjini London, mtu aliyekuwa mchunguzi wa ndani wa kampuni mama ya mtandao mmoja wa simu uliokuwa ukifanya kazi hapa kwetu alieleza kwamba taarifa za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, zilikuwa zikipelekwa serikalini kabla ya tarehe 7 Septemba 2017, siku aliyomiminiwa risasi kwake Dodoma. Hayo yalisemwa barazani, na mimi si hakimu wa kusema nani alitenda nini. Nasema kama opereta mstaafu: kama tiketi za mtu zilitolewa namna hiyo bila amri ya sheria, basi ule mwiko tuliolelewa nao kazini umevunjwa vibaya, na kila aliyewahi kukaa kwenye mtambo wa simu anapaswa kusikitika.

Minara hamuiwezi. Yale mnayoyaweza ndiyo yananikosesha usingizi, kwa sababu mnayaruhusu kwa vidole vyenu wenyewe. Unapakua programu, inauliza: niruhusu mahali ulipo, niruhusu namba zako, kamera, kipaza sauti. Mnabonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu" bila kusoma. Kuna programu ya nyakati za sala na kibla, Muslim Pro, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Novemba 2020 waandishi wa Marekani walifichua kwamba mahali walipo watumiaji wake palikuwa pakipelekwa kwa kampuni inayoitwa X-Mode, ambayo kazi yake ilikuwa kununua na kuuza nyendo za watu, na miongoni mwa wateja wake walikuwemo makandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya habari kutoka, wenye programu walisema wamekata uhusiano na X-Mode. Fikirini: mtu ameelekeza simu yake Makka ili aswali, na alama ya pale aliposimama inakwenda sokoni. Kibla inahitaji kujua uko wapi, sawa. Basi ipe programu ruhusa ya wakati unapoitumia tu, ukimaliza ifungwe. Simu yako ina chaguo hilo. Programu ya tochi na ya kuhariri picha hazihitaji kujua kama uko Chumbageni au Pongwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwaite.

Kuna siku niliingiziwa ujumbe na namba nisiyoijua. Ulimtaja fundi seremala mmoja kwa jina lake kamili na picha ya kitambulisho chake, ukasema ni tapeli, amekimbia na mkopo, na mimi ni mdhamini wake, nimwambie alipe kabla ya jioni. Mimi? Huyo fundi alinitengenezea mlango wa uani, akaweka namba yangu ili anijulishe mbao zikifika. Hapo ndipo ulipoishia udhamini wangu. Alikuwa amekopa pesa kidogo kwenye programu ya simu, mikopo hii mnayoiita kausha damu, mtoto akiwa hospitali. Kabla ya kumpa hata shilingi, programu ilimwomba iione orodha yake ya namba, naye akakubali. Mtu mwenye mgonjwa husaini chochote. Alipochelewa siku chache, ujumbe ule ulikwenda kwa wateja wake, kwa mashemeji, kwa imamu wa msikiti wake na kwa mwalimu wa mtoto wake. Kazi zilimkauka. Mlango wangu bado haujaingia maji hata tone. Fundi ni fundi wa kweli. Lakini mtaani wapo waliosoma ujumbe ule na mpaka leo hawampi kazi.

Nataka mlione deni lake kwa upande wa pili pia. Fundi yule alipobonyeza "ruhusu" hakujitoa peke yake. Alinitoa mimi. Alimtoa mama yake mzazi, ambaye ana kiswaswadu na hajapakua programu hata moja maishani. Ukiwa na namba za watu mia tatu kwenye simu, kila mmoja alikupa yake akijua unaishika wewe. Hakuna aliyekwambia uipeleke kwa mkopeshaji, wala kwa mchezo wa karata, wala kwa programu ya kubahatisha mechi. Namba ya mtu ni amana, na picha ya mtoto wa dada yako ni amana, na ujumbe wa sauti aliokutumia rafiki akilia usiku wa talaka yake ni amana nzito kupita hizo zote. Mmelelewa kurudisha sufuria ya jirani ikiwa safi. Hili mmelikosaje?

Serikali zimeanza kushtuka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni yake. Kwa majirani zetu Kenya, mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Duka la Google nalo, tangu tarehe 31 Mei 2023, limezikataza programu za mikopo kuchukua namba na picha zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Kwa hiyo anayekutumia kiungo uipakue programu yake nje ya duka, ujue huenda anakwepa katazo hilo. Na sisi tunayo sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Nilimwambia fundi apeleke lake. Aliona aibu. Aibu ndiyo mtaji wa hao wakopeshaji, nanyi mkiona ujumbe wa namna ile juu ya mtu, msiusambaze. Hifadhini picha yake kama ushahidi, mpeni mwenyewe, mfuateni kwenye malalamiko.

Yapo pia madude makubwa. Mwaka 2021 wataalamu wa shirika la haki za binadamu la Amnesty waliichunguza simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina wa Rwanda, wakakuta alama za Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli, wakati yeye akihangaika baba yake aachiwe kutoka gerezani Kigali. Serikali ya Rwanda ilikana. Programu hiyo huweza kuingia bila mwenye simu kubonyeza chochote. Ni ghali mno, wanaoinunua ni serikali, na wengi wenu hamtakutana nayo; tiba yake kubwa kwa mtu wa kawaida ni kukubali masasisho ya simu kila yanapokuja badala ya kuyaahirisha kwa kuogopa bando kuisha.

Mtakayekutana naye ni mtu wa karibu. Hili nawaambia hasa mabinti, na vijana wa kiume wasikie pia kwa kuwa wao ndio hulifanya mara nyingi. Mchumba anakwambia, "Kama unanipenda, niwashie lokesheni nikuone." Siku ya kwanza ni utani, mwezi wa pili ni amri, kisha unaulizwa kwa nini ulisimama dakika ishirini karibu na sokoni. Mapenzi hayajawahi kuhitaji kujua umesimama wapi. Akitaka neno la siri la simu yako, mkatalie kwa upole mapema, kabla hujazoea kuogopa. Tena wapo wanaochukua simu ukiwa bafuni, wanaunganisha WhatsApp yako na kompyuta yao kwa kupiga picha ule mraba wa vidoti, na tangu siku hiyo wanasoma kila neno bila kuigusa simu tena. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp, mahali pa vifaa vilivyounganishwa, mwone kama kuna kifaa msichokijua. Pigeni *106# mwone kitambulisho chenu cha NIDA kimesajili laini ngapi, maana laini iliyosajiliwa kwa kidole chako ikifanya uovu utaulizwa wewe. Simu ikipelekwa kwa fundi, toeni laini na kadi, msimwachie neno la siri kwa siku tatu eti akaijaribu. Ikiwa mnaiuza, ifuteni yote kutoka kwenye mipangilio yake, si picha peke yake.

Na kama ukihisi mume au mchumba amekuwekea programu ya kukufuatilia, tena ni mtu anayekupiga au anayetishia, usiifute hapo hapo. Ukiifuta atajua umejua, na saa hiyo ndiyo ya hatari. Iache simu nyumbani kama kawaida, nenda kwa mtu unayemwamini, tumia simu yake kupiga na kutafuta msaada. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na huyo mtu, usiende peke yako, mwombe afisa apange namna ya kuiona simu kabla haijafutwa chochote. Ukikosa wa kukusindikiza, mlango wangu mnaujua, nami nitavaa baibui twende, hata iwe usiku.