Mbia Asiyevunja Ahadi

Bwana wetu Yesu Kristu aliagiza mataifa yote yafanywe kuwa wanafunzi wake. Wakristu wengi wakisikia agizo hilo huwafikiria mara moja mapadre, masista na makatekista. Tena wapo wanaouliza swali lililo zito zaidi: ikiwa imani ni zawadi itolewayo na Mungu peke yake, juhudi ya mwanadamu yafaa nini? Wahenga walisema, Jitihada haiondoi kudura. Je, methali hiyo si ruhusa ya kukaa kitako?

Sisi twasema sivyo. Yeye aliyetoa agizo alitoa pamoja nalo ahadi ya kukaa na watu wake siku zote, wala mambo hayo mawili hayatengani. Mwenye kushika agizo na kusahau ahadi hujidhania kuwa mwokozi, na mwisho wake ni majivuno au kukata tamaa. Naye mwenye kushika ahadi na kusahau agizo ni mvivu tu, ajifichaye nyuma ya jina la Mungu.

Na tutazame yaliyotokea Uganda. Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walifika huko Februari 1879, na wenzao wakawafuata. Lakini Novemba 1882, kwa kuhofia hatari katika ikulu ya Kabaka Mutesa, wamisionari hao waliondoka, wakavuka Ziwa Viktoria, wakaenda kukaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Nyuma yao walibaki Wakristu wachache, wengi wao wakiwa wamebatizwa mwaka ule ule. Hawakuwa na padre, wala Misa, wala kitubio. Kwa hesabu ya kibinadamu, moto ule ulikuwa wa kuzimika.

Haukuzimika. Yosefu Mukasa, aliyekuwa mtumishi wa ikulu, aliwafundisha vijana waliotumika pamoja naye. Andrea Kaggwa naye alifundisha. Huko Mityana, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali, mfinyanzi, waliwakusanya jirani zao katika sala na mafundisho. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta kundi limeongezeka.

Ni nani aliyeliongeza? Tukijibu kwamba ni Mungu, twasema kweli. Tukijibu kwamba ni watu wale, hatusemi uongo. Mungu hakumnyang'anya Mukasa kazi yake, wala Mukasa hakumnyang'anya Mungu utukufu wake. Ubia huu si wa nusu kwa nusu, kama watu wagawanavyo magunia ya mahindi baada ya mavuno. Kazi yote ni ya Mungu, na ndani yake Mungu amempa mtu nafasi ya kweli. Jembe halina hiari, bali mwanadamu huitwa, naye huweza kuitika au kukataa.

Huenda mtu akasema: mbona Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, miezi minne tu baada ya mapadre kurudi? Je, Mbia wake alimtupa? Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akashika ulezi wa wale vijana wa ikulu. Mei 1886, kifo kikiwa karibu, Lwanga mwenyewe alimbatiza kijana Kizito na wenzake, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto huko Namugongo. Kanisa liliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mungu hakuwaahidi watu wake kwamba panga halitawagusa. Aliahidi kuwa pamoja nao, na Mukasa alipoanguka, kazi haikukosa mtu.

Sasa tugeukie nyumba zetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba familia ni kama Kanisa la nyumbani, na kwamba wazazi ndio wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Basi mzazi anayempeleka mtoto mafundisho kila juma, lakini nyumbani mtoto haoni sala wala hasikii msamaha ukiombwa, amemwachia katekista fungu lisilo lake.

Yupo na mzazi mwingine, ambaye twamkumbuka kwa huruma. Huyu alisali na kufundisha, na mtoto wake amekua, akaiacha imani. Usiku hujiuliza kama kosa ni lake au Mungu hakusikia. Na akumbuke kwamba Yuda alikaa na Mwalimu mwenyewe, akala naye meza moja, hata hivyo akaenda zake. Mungu hamfanyi mtu kuwa mwanafunzi kwa nguvu, wala hakumpa mzazi uwezo alioukataa Yeye mwenyewe kuutumia. Lakini Mungu hajaacha kumtafuta mtoto huyo. Basi mzazi naye asiache: mlango ubaki wazi, sala iendelee, na maneno ya kuudhi yazuiwe.

Tutimize basi fungu letu kwa bidii, tukijua kwamba hatukuanza sisi, wala hatutamaliza sisi. Ahadi ile iliyowatosha Wakristu wachache wa Uganda, walioachwa pasipo padre kwa zaidi ya miaka miwili, yatutosha na sisi leo.