Tulimhuzunikia Nani?



Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu masikio, macho na moyo, na kwa kila kimoja katika hivyo atakuja kuulizwa. Hili ni jambo tulilofundishwa tangu tukiwa chuoni na hapana Muislamu alikataaye. Lakini mara nyingi tukilitaja, mawazo yetu huenda kwenye macho yaliyotazama haramu iliyo dhahiri. Twasahau kuwa yako pia macho yaliyotazama msiba wa watu yakauona ni mchezo. Khabari ya macho hayo ndiyo nitakayoizungumza leo, na mfano nitauchukua katika senema moja ya Kimarekani iitwayo Independence Day, yaani Siku ya Uhuru.

Senema hii ilitolewa mwezi wa Julai mwaka 1996. Aliyeiongoza ni Roland Emmerich, mzaliwa wa Ujerumani, na miongoni mwa waigizaji wake ni Will Smith, Jeff Goldblum na Bill Pullman. Yasemekana iligharimu kiasi cha dola milioni 75, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani kote. Mwaka huo haikuwako senema nyengine iliyopata fedha zaidi yake. Ilipewa pia zawadi ya Oscar kwa ufundi wa picha zake za kubuni. Tangu wakati huo imepita katika kanda za video, katika televisheni, na leo hata mtoto mwenye simu mkononi aweza kuitazama akiwa kitandani.

Kisa chake ni hiki. Viumbe wageni watoka anga za mbali kwa vyombo vikubwa mno, kila kimoja chafunika mji mzima kwa kivuli chake. Vyombo hivyo vyasimama juu ya New York, Washington, Los Angeles na miji mingine ya dunia. Saa ikifika, vyashusha moto kwa pamoja. Majumba yapasuka, magari yarushwa hewani, na Ikulu ya Marekani yalipuliwa ikawa vumbi. Baada ya siku mbili, tarehe 4 Julai, ambayo ndiyo siku ya uhuru wa Marekani, wanadamu wajikusanya, wautia ugonjwa katika mitambo ya adui kwa kompyuta ndogo, kisha wamshinda.

Sasa tuyatazame maoni ya waliokwisha kuiona, kwani watu hawakuafikiana juu yake. Wako wasemao kuwa ni burudani tupu, na mtu asijisumbue kuipekua. Wako waicheka ile kompyuta, wauliza imekuwaje mashine ya wanadamu ikafahamiana na mitambo ya viumbe ambao hawakupata kuonana nao. Wako walioudhika kuona dunia nzima yangoja kuokolewa na Marekani, hata majeshi yaliyokimbilia jangwa la Iraq yaonyeshwa yakingojea amri kutoka huko. Na wako walioipenda kwa kuwa yaonyesha watu wa kila taifa wakiacha magomvi yao na kuwa kitu kimoja.

Katika maoni yote haya, mawili ya mwanzo hayatupasi kukaa nayo sana. Burudani ina mipaka yake, na wanazuoni wetu wameieleza. Na kompyuta ile waachiwe mafundi. Wala swala la kuwa wako viumbe huko mbinguni au hawako halimbabaishi Muislamu. Sisi kila siku twamsifu Mola wa viumbe vyote, na Qur'ani katika Suratu Shura imetaja viumbe alivyovieneza katika mbingu na ardhi, na kwamba ana uwezo wa kuvikusanya atakapo. Swala lililo zito ni la mtazamaji mwenyewe: alipokuwa akitazama, moyo wake ulikuwa wapi?

Katika moto ule wa Los Angeles, watu wamejaa katika magari ndani ya njia ya chini ya mlima. Moto waja nyuma yao, wayameza magari moja baada ya moja. Mwanamke mmoja na mtoto wake wapata kijichumba cha pembeni. Mbwa wao bado yuko nje. Mwanamke amwita, mbwa aruka juu ya magari, aingia mlangoni wakati moto ushafika mkiani. Hapo ndipo watazamaji wengi hushusha pumzi, na wengine hupiga makofi. Mbwa ameokoka! Na wale waliokuwa ndani ya magari? Hakuna aliyewauliza. Mji mzima umekufa, na nyoyo zimetulia.

Nisifahamike vibaya. Kumhurumia mbwa si kosa. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhadithia khabari ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria kwa sababu hiyo. Huruma ile ni njema, ila imekomea kwa mbwa kwa kuwa yeye tumeonyeshwa uso wake na tumeambiwa jina lake. Wale wengine hatukuonyeshwa nyuso zao, basi vifo vyao tukavihisabu kuwa ni pambo la picha. Mtengenezaji wa senema ndiye aliyetuchagulia wa kumlilia, nasi tukamtii.

Je, huruma ya Muislamu yachaguliwa na mtu mwengine? Imepokewa kuwa siku moja lilipita jeneza, Mtume (S.A.W.) akasimama. Akaambiwa kuwa maiti yule ni Myahudi. Naye akawauliza kama hiyo haikuwa nafsi. Taamali, ndugu msomaji. Hakusimama kwa ajili ya jamaa yake wala sahaba wake. Hakuwa na haja ya kutajiwa jina la maiti wala kuoneshwa uso wake. Kuwa ni nafsi kulitosha. Na Qur'ani katika Suratul Maida imetwambia kuwa anayeiua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote, na anayeiokoa ni kama aliyewaokoa watu wote. Basi kwa mizani hii, kila gari katika njia ile ilikuwa na dunia nzima ndani yake.

Huenda msomaji akasema, "Lakini hii ni hadithi tu, hapana aliyekufa." Kweli, hapana damu iliyomwagika, na wala simhukumu mtu kwa dhambi ya damu. Lakini moyo hufunzwa kwa mazoea, kama vile mtoto afunzwavyo alifu na be kwa kurejearejea. Tarehe 11 Septemba mwaka 2001, majengo mawili ya New York yalipoporomoka na watu wa kweli ndani yake, watazamaji wengi walisema: ni kama senema. Miaka mingi ya kutazama majengo yakianguka kwa mchezo ilikuwa imewapa mfano huo, nao ukawajia kabla ya dua wala kilio.

Mwengine atasema, "Mimi nilifurahi ilipolipuliwa Ikulu ile, kwani Marekani imewadhulumu wengi." Jawabu hili nimelisikia kwa Waislamu wenzetu, na ni lazima lijibiwe kwa uwazi. Kuichukia dhuluma ni wajibu. Lakini nyumba haidhulumu. Hudhulumu watu, na katika nyumba ile hukaa pia mpishi, mfagiaji na bawabu. Na sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna udhuru wa kutolijua hili. Tarehe 7 Agosti mwaka 1998, miaka miwili tu baada ya senema hii, mabomu yalilipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Waliofanya walidai wanaipiga Marekani. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, na Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Wengi wa waliobaki walikuwa ni Wakenya: wapita njia, abiria wa mabasi, na watu wa jengo la jirani lililoporomoka, ambamo mlikuwa na ofisi na wanafunzi wa ukatibu. Dar es Salaam walikufa watu 11. Maelfu walijeruhiwa, wengine wakapoteza macho kwa vioo. Walikuwamo Waislamu na wasio Waislamu, na kila mmoja alikuwa na mama aliyemngoja nyumbani. Atakaye kupiga makofi jengo likilipuka, na awakumbuke hao kwanza.

Tuje kwenye rai ya wale wanaousifu umoja. Katika senema ile Rais wa Marekani awaambia askari wake kuwa wanadamu hawatagawanywa tena na tafauti zao ndogo ndogo. Maneno mazuri. Lakini umoja ule umeletwa na khofu, na umoja wa khofu huisha khofu ikiondoka. Tena hata khofu yenyewe haitoshi. Mwaka 2020 alikuja adui wa kweli wa wanadamu wote, maradhi ya korona. Chanjo zilipopatikana, nchi tajiri ziliagiza nyingi kupita idadi ya watu wao, na nchi nyingi za Afrika zikangojeshwa. Adui alikuwa mmoja, na bado kila mmoja alivutia kwake. Uislamu haukuuweka udugu wa watu juu ya adui. Suratul Hujurat yatufunza kuwa sote asili yetu ni mume mmoja na mke mmoja, na kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane. Huo ni msingi usiongoja kushambuliwa.

Na jambo la ajabu ni kuwa kisa cha namna hii hakikuanza kwa majivuno. Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake The War of the Worlds, khabari ya viumbe wa Mars walioivamia Uingereza. Tangu mlango wa kwanza aliwakumbusha wasomaji wake yale ambayo Wazungu waliwafanyia wenyeji wa Tasmania, ili mwenye kutawala aonje khofu ya mwenye kutawaliwa. Na katika kitabu hicho wavamizi hawakushindwa na mizinga ya wanadamu. Waliuliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Msomaji wetu hapo atakumbuka jeshi la ndovu la Abraha na wale ndege. Senema ya 1996 ilikichukua kisa, ikaliacha funzo: kijidudu kikageuzwa kuwa werevu wa kompyuta, na aibu ya mwenye nguvu ikageuzwa kuwa sherehe yake.

Basi tufanyeje majumbani mwetu? Mzazi aweza kuizima televisheni, na pengine ni aula. Lakini mtoto ataikuta kwa jirani, au katika simu. Kwa hivyo nawausia akina baba na akina mama, mkijua kuwa watoto wameitazama picha kama hii, kaeni nao muwaulize: Umemhuzunikia nani? Na nani aliyekufa hukumhuzunikia? Kwa nini? Mtoto akijibu kuwa hakuwafikiria wale wa kwenye magari, msimkemee. Mwambieni kuwa nao walikuwa na majina. Siku atakaposikia katika khabari kuwa watu kadhaa wamekufa katika mji asioujua, wa dini yake au wa dini nyengine, moyo wake utakuwa umekwisha kujua pa kusimama.

Twamuomba Mwenyezi Mungu asizifanye nyoyo zetu kuwa ngumu, atupe huruma juu ya viumbe vyake, na atulinde sisi na watoto wetu na kufurahia msiba wa mtu. Amin.

Wassalaamu alaykum.