TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Peke yako ndani ya pikapu



Leo tuzungumze na wale wanaoanza. Hapa Marekani wapo vijana wetu wanaoacha kazi ya ghala au ya kiwanda, wananunua pikapu kubwa na tela la futi 40, na kuanza kubeba mizigo kwa jina lao wenyewe: mabomba, mashine za shamba, vifaa vya ujenzi. Ni kazi ya halali na ina heshima. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume, alisafiri kwenda Sham na mali ya biashara ya Bibi Khadija (r.a.), na uaminifu wake katika safari ile ulijulikana. Kwa hiyo wewe unayebeba mali ya mwenzio barabarani, umetanguliwa na mbora wa viumbe.

Ila nina swali moja, na ulijibu kimoyomoyo. *Je, shida za mwanzo zinahalalisha udanganyifu mdogo?*

Kwanza tusiidharau hiyo shida. Kabla gurudumu halijazunguka, umeshalipa dola 300 za kibali, na unatakiwa uwe na bima ya dhima isiyopungua dola 750,000. Bima hiyo kwa mgeni wa kazi ni ghali, muulize yeyote aliyeanza. Unapata mzigo kwa dalali, unaufikisha, unatuma ankara, halafu unasubiri malipo, mara nyingi siku 30 hivi. Dizeli haisubiri siku 30. Siku nyingine unashusha mahali ambapo hakuna mzigo wa kurudi nao, unarudi mtupu mafuta yanaungua bure. Kodi ya nyumba inakungoja, na mama kule Mombasa au Kigoma naye anaangalia simu.

Hapo ndipo dalali anapopiga. Mzigo mzuri, pesa nzuri, lakini ufike kesho asubuhi. Ukipiga hesabu, njia ni saa 15. Sheria inakuruhusu kuendesha saa 11 tu, ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Na unajua wengine wanavyofanya: kwenye kifaa cha kurekodi saa unaandika "niko mapumziko", kumbe unapakia. Au uzito ndio umezidi. Wengi huanza na gari na tela ambazo uzito wake ulioidhinishwa kwa pamoja hauzidi paundi 26,000, kwa sababu hapo hulazimiki kuwa na leseni ya CDL. Sasa mzigo umekuja, kwa macho tu unaona umezidi uwezo wa tela. Unapita njia za ndani kukwepa mizani. Nani atajua?

Sasa hebu tuiangalie funga yako.

Saa tisa alasiri, jua la Texas, chupa ya maji baridi iko pembeni yako. Uko peke yako, vioo umepandisha. Mkeo hakuoni, imamu hakuoni, hakuna inspekta wa funga barabarani. Na hunywi. Ungeweza kunywa nusu chupa, ukafuta midomo, ukaja msikitini jioni ukafuturu na sisi kwa tende, na hakuna ambaye angejua. Lakini hata wazo lenyewe linakutia aibu.

Kwa nini? Kwa sababu unaamini yuko anayekuona. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu ameinasibisha funga na nafsi Yake kuliko ibada nyingine: ni siri kati ya mja na Mola wake.

Basi nieleze, ndugu yangu. Mkono ule ule ulioogopa chupa ya maji, unapata wapi ujasiri wa kubonyeza "niko mapumziko"? Aliyekuona hukunywa, kwani amefumba macho ulipobonyeza?

Najua utasema: "Sheikh, hizo ni sheria za serikali tu, si sheria za Allah." Lakini kibali hukulazimishwa. Uliomba mwenyewe, ukakubali masharti yake, ukatia sahihi. Na Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba yao. Juu ya hapo, zile saa hazikuwekwa kwa ajili ya karatasi. Zimewekwa kwa sababu mtu mwenye usingizi, nyuma yake tela lenye maelfu ya paundi, anaweza kumuua mama mwenye watoto katika gari dogo lililo mbele yake. Yule mama hajui habari za ankara yako.

Utasema tena: "Lakini ni dharura." Dharura tunaijua katika dini. Anayekufa njaa anaruhusiwa kula kiasi cha kumwokoa. Lakini mafaqihi wametuwekea mpaka: dharura yako haifuti haki ya mwenzio. Ukila chakula cha mtu kwa njaa, umeokoka dhambi, lakini thamani yake unadaiwa. Chakula kinalipika. Roho ya mtu je, utailipa kwa nini? Shida yako inaweza kukuhalalishia mengi katika haki yako mwenyewe, lakini usalama wa watu wa barabarani si mali yako hata uuweke rehani.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi yetu hawapendi kulisikia. Ikiwa funga na safari ndefu vinakutia usingizi kwenye usukani, Allah amekupa ruksa ya msafiri. Kula, kisha ulipe siku hizo baada ya Ramadhani. Mtume (s.a.w.) alipomuona mtu safarini amezidiwa na funga mpaka watu wanamtilia kivuli, alieleza kwamba kufunga kwa namna hiyo si wema. Kuna ajabu gani ya mtu kuikataa ruksa aliyopewa na Mola wake, akajichukulia ruksa ya kudanganya saa ambayo hakupewa na yeyote?

Riziki je? Unaikumbuka habari ya yule bedui na ngamia wake: aliuliza kama amfunge au amwache na kutegemea, akaelekezwa amfunge kisha ategemee. Wewe ngamia wako ni ule mzigo. Mikanda na minyororo yako kwa jumla iweze kuhimili angalau nusu ya uzito wa mzigo, uikague tena ndani ya maili 50 za mwanzo, na baada ya hapo kila maili 150 au saa tatu. Hiyo ni sheria ya barabara, na mimi naiona ni sehemu ya tawakkul. Na kusema "hapana" kwa mzigo usiowezekana, hiyo nayo ni kumfunga ngamia.

Fikiria wakati wa futari. Umeegesha kituo cha malori, vumbi mwilini, tende mkononi. Wewe ni msafiri na wewe ni mwenye kufunga, na dua za wawili hao tumeahidiwa zina nafasi yake. Lakini kumbuka pia habari ya yule msafiri wa safari ndefu, nywele timtim, ameinua mikono anaomba, na chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake cha haramu. Mtume (s.a.w.) aliuliza huyo atajibiwa vipi. Usiifikishe tende yako kinywani kwa njia itakayokufungia mlango huo.

Neno la mwisho ni letu sisi tuliobaki msikitini. Kijana akinunua gari tunampongeza, tunapiga naye picha, kisha tunamwachia dizeli na madeni yake. Wewe mwenye malori miaka kumi, mkalishe baada ya Taraweh umpe hesabu za kweli: awe na akiba ya miezi kadhaa kabla hajaanza, na dalali gani halipi. Wewe mwenye nafasi, mkopeshe bila riba ankara yake ikichelewa, asilazimike kuiuza kwa punguzo au kukimbilia mkopo wa riba. Na wewe kijana, kabla hujatia sahihi mkataba wa namna hiyo, mwone imamu kwanza.

Ewe Mola, wabariki wanaoanza, wape riziki ya halali hata ikiwa ndogo mwanzoni, uwarudishe salama kwa watoto wao, na uwasalimishe wengine barabarani na sisi. Aamin.

Mtumie ndugu yako aliye njiani leo. Asisome akiendesha.