Jedwali na mtu kizimbani

Wakazi wa Makongeni, Nairobi, wanaonaswa kwa makosa madogo madogo aghalabu huishia Mahakama ya Makadara. Hapo ndipo swali zito la haki hujitokeza: hakimu ampime mtu aliye kizimbani, au wastani wa kesi zilizotangulia?

Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, kwani ulimfunga jaji mikono hata mshtakiwa akiwa na sababu nzito za kuhurumiwa. Lakini uhuru wa jaji nao una hatari. Wawili wenye kosa lilelile wakiadhibiwa tofauti kwa sababu tu ya nani aliyeketi kitini, hiyo ni bahati nasibu. Ndiyo maana Idara ya Mahakama ilitoa mwongozo wa adhabu mwaka 2016, ikaupiga msasa 2023. Takwimu hufichua tofauti hizo.

Tatizo ni chimbuko la takwimu zenyewe.

Chukua mama muuza chang'aa anayekumbwa na msako wa usiku. Rekodi yake inaonyesha amekamatwa mara kadhaa. Haionyeshi karo wala kodi ya nyumba. Mtaa wenye misako mingi utahesabiwa kuwa na wahalifu wengi. Tahadhari kama hiyo ilichukuliwa Marekani mwaka 2016: Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin iliruhusu alama za hatari ya kurudia uhalifu zinazokokotolewa na kompyuta, ila ikakataza zisiamue kifungo.

Kwa mama huyo, ripoti ya afisa wa probesheni aliyefika kwake na kuzungumza na majirani inastahili uzito zaidi kuliko jedwali la takwimu. Nayo ihifadhiwe, ihesabiwe, iingie katika mwongozo ujao.