Mtoto Wetu na Mti wa Krismasi



Kila ufikapo mwezi wa Disemba, shule zimefungwa na watoto wamo majumbani, wazazi hutuletea swali hili katika darasa: "Mwanangu alia, ataka mti wa Krismasi na zawadi kama watoto wa jirani. Je, yafaa tumfanyie nyumbani, maadamu hatuitakidi itikadi yake, na nia yetu ni kumfurahisha tu?"

Jawabu letu ni kuwa haifai. Lakini mzazi atakayelishika neno hili peke yake akaliacha litakalofuata, atakuwa ameshika nusu ya jawabu.

Husemwa kuwa mti ule ni pambo tu, si ibada. Ni kweli kwamba haumo katika Injili. Ni mila iliyoanza katika nchi za Kijerumani kwenye karne ya 16, ikapata nguvu Uingereza katika miaka ya 1840, zama za Malkia Victoria na mumewe Albert, kisha ikaletwa kwetu na Wazungu. Hata tarehe 25 Disemba haikutajwa katika Injili, na Wakristo wa Uhabeshi huiadhimisha siku hiyo tarehe 7 Januari. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, Wakristo watupu, liliipiga marufuku Krismasi yenyewe. Hatuyataji haya kwa kuwacheka Wakristo, kwani na sisi tunazo mila nyingi zisizo na asili. Twataka kusema hivi: nani ausimamishaye mti huo mwezi wa Juni? Hakuna. Husimamishwa kwa ajili ya siku ile tu, na siku ile ni ya ibada ya watu wengine. Mtoto hajui kupambanua pambo na itikadi; ajua kwamba nyumbani kwao siku hii hutukuzwa.

Sasa tuitazame nusu ya pili. Imamu Abu Daud amepokea kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo. Akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa mbili bora kuliko hizo, Idd ya Kuchinja na Idd ya Kufungua. Basi hakuwaondolea furaha akawaacha mikono mitupu. Alikataza na akatoa badala.

Sisi twakataza, lakini badala yetu i wapi? Usiku wa Idd twaumaliza kwa kubishana juu ya mwandamo wa mwezi. Asubuhi baba huenda kuswali peke yake, mama yu jikoni. Mtoto hutiwa shilingi mkononi akaambiwa aende zake, na adhuhuri nyumba nzima imelala. Kisha twastaajabu kuona moyo wake umeelekea kwa jirani! Mtoto hakutamani dini ya jirani. Ametamani nyumba ambayo baba ameketi na wanawe.

Mtume (s.a.w.) aliamrisha wanawake watolewe waende kwenye Idd, hata wenye hedhi, wahudhurie kheri na dua. Na Mahabushi walipocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idd, alimsimamisha Bibi Aisha nyuma yake atazame mpaka atosheke. Hii ndiyo Sunna tuliyoiacha.

Wala tusimfundishe mtoto kutukana. Nabii Isa na Bibi Maryamu ni wetu kwa kuwaamini na kuwapenda. Aulizapo habari za mti, na asimuliwe mtende wa Sura ya Maryamu: vipi mama yule, peke yake na uchungu wake, aliambiwa autikise shina, tende mbivu zikamwangukia.

Na wako kati yetu ambao bibi zao ni Wakristo. Hao wasikate udugu. Qurani haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita, seuze aliyemzaa mama yako. Kuhusu kutoa pongezi, wanazuoni wamekhitalifiana. Ama kuzuru, kusaidia na kula kilicho halali, ni katika wema. Mtoto aambiwe kabla ya kutoka nyumbani: "Hii ni sikukuu ya bibi, yetu ni Idd, nasi twampenda bibi."

Basi enyi wazazi, wekeni akiba tangu leo kwa ajili ya Idd. Mwendeni kuswali nyote, mkileta takbiri njiani na wanenu. Pishi ya fitri na abebe mtoto mwenyewe ampelekee maskini, aone uso wa aliyepokea. Kisha baba asilale. Akae na wanawe mpaka jua litue. Mtoto aliyeionja Idd kama hii, hata akiupita mti wa jirani atautazama tu kama autazamavyo mti mwingine.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.