Jiwe la Kisii na Aya Ukutani

Ndugu Waislamu, huko Tabaka, katika nchi ya Kisii, huchimbwa jiwe laini ambalo mafundi hulichonga kwa panga na visu, kisha hulisugua kwa maji na msasa hata likang'ara. Mchongaji wa huko, Elkana Ong'esa, alitengeneza sanamu ya Enyamuchera, ndege ambaye kwa Wakisii ni alama ya amani, nayo imewekwa kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris.

Sisi wengi wetu twajiepusha na kuchonga viumbe wenye roho. Sanaa yetu ni khati. Lakini natuulizane: ikiwa ndege wa jiwe awakumbusha watu amani, khati zetu zatukumbusha nini?

Mtu hutundika ukumbini aya ya 135 ya Sura An-Nisaa, iamrishayo uadilifu hata juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kisha siku ya uchaguzi humpa kura jamaa yake, naye amjua kuwa ni mla rushwa! Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona upendeleo wa kabila ulikoifikisha Kenya, hata mpakani mwa Nyamira na Sotik.

Wako wasemao kwamba sanaa ya dini isiguse siasa. Twawajibu: aya hiyo yenyewe imekwisha kuigusa. Basi asiyeifuata asidhani kwamba ameipamba nyumba. Ameweka ukutani shahidi wa kumshuhudia.

Mwenyezi Mungu atuongoze.